Kicheko Melini: Futuhi ya Bahari Kuu Itazamwapo kutoka Musoma

Katika miaka ya 1930 watengenezaji wa sinema wa Marekani walitambua kwamba meli ya abiria ivukayo bahari kuu ni jukwaa bora la futuhi yenye nyimbo na ngoma. Sababu zake si ngumu kuzieleza. Meli ni mji uliozungushiwa maji. Watu wake hawawezi kukimbiana: mdai na mdeni, mchumba wa leo na wa jana, mwizi na askari anayemsaka, wote hula katika ukumbi mmoja na hukutana sitahani kila asubuhi, wapende wasipende. Muda wa hadithi nao umekwisha kupimwa na safari. Nanga ikipandishwa fumbo huanza, na nanga ikishushwa fumbo sharti liwe limefumbuliwa. Isitoshe, bendi imo melini tangu mwanzo, kwa hiyo mhusika akizuka kuimba hapana haja ya kumweleza mtazamaji muziki umetoka wapi.

Mifano mitatu yatosha. Katika Monkey Business (1931), ndugu wanne wa ukoo wa Marx ni abiria wa wizi waliojificha ndani ya mapipa. Safari ikwishapo, kila mmoja hujaribu kuteremka kwa pasi ya mwimbaji Mfaransa Maurice Chevalier, na ushahidi anaoutoa kuwa yeye ndiye Chevalier ni kuimba. Harpo, asiyesema kamwe, hutumia gramafoni aliyoifunga mgongoni. Katika Anything Goes, tamthilia ya muziki iliyoonyeshwa New York mwaka 1934 na kufanywa sinema mwaka 1936, jambazi anayetafutwa na serikali hupanda meli amevaa mavazi ya kasisi. Katika Shall We Dance (1937), Fred Astaire ni mcheza baleti ajiitaye Petrov kana kwamba ni Mrusi, ilhali ni Mmarekani aitwaye Peter P. Peters. Anasafiri meli moja na mcheza dansi aliyeigizwa na Ginger Rogers, na uvumi kwamba wawili hao wameoana kwa siri unaenea melini upesi kuliko meli yenyewe inavyokwenda. Hadithi ni tatu, kanuni ni moja: mtu hupanda chombo kwa jina lisilo lake, huchekesha na kuchekwa, kisha jina la kweli hufichuka.

Kuna kanuni ya pili ambayo haitamkwi, nayo ndiyo inayoishikilia ile ya kwanza: meli itafika. Mtazamaji wa futuhi hizo haulizi kama abiria watafika salama. Huuliza tu nani atateremka na nani. Kicheko chake chote ni mkopo uliodhaminiwa na bandari iliyo mbele. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: dhamana hiyo ikiondolewa, je, kicheko husalia? Mtazamaji wa New York au London aliweza kuishi bila kulijibu. Mtazamaji wa Musoma hawezi, maana amezaliwa kando ya maji, na meli anazozijua hazikumpa ahadi ya namna hiyo.

Musoma ni mji uliojengwa juu ya rasi, penye Ghuba ya Mara, na ziwa huonekana karibu kila mtaa ufikapo mwisho. Historia ya meli katika ziwa hilo ina utani wake wa asili. William Mackinnon, iliyoshushwa majini Kisumu mwaka 1900, ilitoka Uingereza vipande vipande. Victoria nayo, iliyoanza kazi mwaka 1961 chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, iliundwa Scotland, ikafumuliwa, ikapakiwa, ikaletwa hadi Kisumu na kuunganishwa upya huko. Kwa hiyo, kabla ya kubeba abiria, meli hiyo yenyewe ilikuwa shehena ndani ya meli nyingine, kisha mzigo juu ya reli. Katika safari zake za kulizunguka ziwa ilitia nanga Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mali zake kugawanywa baina ya nchi tatu.

Msafiri aliyepanda Musoma aliingia katika mji wa maji usio tofauti sana na ule wa sinema. Hapo pia palikuwa na madaraja: la kwanza na la pili lenye vitanda, na la tatu lenye mabenchi, mikungu ya ndizi, magunia, kuku na watoto. Hapo pia watu waliokuwa wageni asubuhi walijuana kufikia usiku. Mjita, Mkwaya, Mkurya, Mzanaki, Mjaluo, Msukuma na Mhaya walikaa bega kwa bega, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Neno lenyewe tulilonalo katika lugha hiyo lina habari yake. Wanaisimu huliambatanisha neno 'meli' na neno la Kiingereza la barua za posta, kwa sababu vyombo vya kwanza vya moshi vilijulikana pwani kwa kazi ya kuleta barua. Katika Kiswahili, basi, meli ilikuwa habari kabla ya kuwa chombo. Wengi zaidi ya wale wanaoipanda ni wale wanaoisubiri.

Ni katika suala la madaraja kwamba sinema ya Astaire humfanya mtazamaji wa ziwani aketi vizuri kitini. Mapema katika safari, Petrov anachoshwa na adabu za juu, anateremka kwenye chumba cha mitambo. Kinang'aa kuliko chumba chochote cha mitambo kilichowahi kuonekana duniani. Hakina masizi wala joto. Humo wamo wafanyakazi weusi, nao wanaimba. Wimbo unaanza kwao, mapigo yake yanafuata mapigo ya mashine, na Astaire anausikiliza, anauchukua, anaucheza peke yake kwa ufundi wa ajabu. Ukiisha wanamshangilia, naye anarudi juu. Hadithi haiwahitaji tena. Majina ya waimbaji wale hayakuwekwa katika orodha ya waigizaji iliyoonyeshwa pamoja na sinema.

Haitoshi kusema kwamba huo ni ubaguzi wa zama zake, ingawa ndivyo ulivyo. Sehemu hiyo inafichua muundo wa utanzu mzima. Furaha ya sitahani inatoka chini ya sitaha. Watu wanaoisukuma meli ndio wanaoupa wimbo mapigo, lakini kanuni ya jina la uongo na jina la kweli haiwahusu. Petrov anaweza kugundulika kuwa Peters kwa sababu jina lake linajulikana tangu awali kuwa na thamani. Mtu wa chumba cha mitambo hawezi kugundulika kuwa mwingine, maana hakuna aliyemwuliza yeye ni nani.

Mtazamaji wa Musoma anajua jambo hilo linavyoweza kuwa zito. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka na kuzama ilipokaribia Mwanza ikitoka Bukoba. Zaidi ya watu 800 walikufa, na serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Kwa taarifa zilizotolewa, kulikuwa na orodha ya abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili, nayo meli ilikuwa na uwezo wa kuchukua takriban 430. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Idadi ya waliokufa haikuweza kujulikana kwa yakini kwa sababu hiyo hasa: waliokuwa chini walikuwa wamepanda bila majina. Kule Hollywood kutoandikwa jina kulimnyima mwimbaji sifa yake. Huku ziwani kutoandikwa jina kuliwanyima watu waliokuwa wakisubiri bandarini hata uhakika wa kuanza matanga.

Si kwamba watengenezaji wa futuhi za baharini hawakujua kuwa meli hupotea. Anything Goes ni ushahidi. P. G. Wodehouse na Guy Bolton walipoiandika tamthilia hiyo mara ya kwanza, hadithi yake ilihusu msiba wa meli uliofanywa wa kuchekesha. Kisha tarehe 8 Septemba 1934, Morro Castle, meli ya starehe iliyokuwa ikitoka Havana kwenda New York, iliungua moto karibu na pwani ya New Jersey, wakafa watu 137. Hadithi ikaonekana haifai kuonyeshwa. Howard Lindsay na Russel Crouse waliiandika upya, msiba ukaondolewa, zikabaki nyimbo za Cole Porter, kasisi wa uongo na mapenzi. Mwezi wa Novemba pazia likafunguliwa, na watu wakacheka.

Uamuzi huo una heshima ndani yake, wala hapana sababu ya kuubeza. Waandishi wale waliona kwamba mwenye msiba hapaswi kuchekwa. Lakini namna waliyoitumia ilikuwa kuvitenga vitu viwili: kifo kiwe huku, kicheko kiwe kule, mlango ufungwe katikati. Tangu hapo wepesi wa futuhi ya baharini umekuwa wepesi wa kutosema. Yeyote aijuaye historia hiyo huona bahari tulivu ya Anything Goes kuwa bahari iliyosafishwa.

Zipo futuhi za kale ambazo hazikuufunga mlango huo, na mojawapo imo katika Kiswahili kwa mkono wa mtu wa Mara. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko mwaka 1999, aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi, ikachapishwa mwaka 1969. Wahakiki wamezungumza sana juu ya neno 'mabepari' na siasa yake. Kisichozungumzwa sana ni kwamba kazi hiyo ni futuhi inayotegemea meli, na kwamba hakuna meli hata moja inayoonekana jukwaani. Meli zote ni habari. Zimekwama, zimezama, fulani amesikia, fulani amethibitisha. Na kwa sababu ya habari hizo, mtu anakaribia kukatwa nyama ya kifuani. Wanawake wawili wanavaa nguo za kiume na kuchukua majina yasiyo yao, kama Petrov, lakini wanafanya hivyo ili kumwokoa aliye karibu kufa. Mwishoni kabisa inakuja barua: meli tatu zimefika salama.

Butiama iko bara, penye vilima, mbali kidogo na ziwa. Ni mahali panapofaa kuisomea tamthilia hiyo, kwa kuwa meli hufika huko kama zinavyofika katika tamthilia: kwa barua, kwa redio, kwa mdomo wa mtu aliyetoka Musoma. Mabepari wa Venisi inamfundisha msomaji kwamba futuhi inaweza kusimama upande wa wanaosubiri. Hata hivyo, nayo mwishoni inalipa deni lake kwa dhamana ileile ya zamani. Barua inafika, na meli zinafika. Swali la mtu ambaye barua yake ilisema vinginevyo bado halijajibiwa.

Jibu limo katika mila, si katika vitabu. Utani, kama ulivyoelezwa na wachunguzi wa mila za Tanzania, ni uhusiano unaomruhusu mtu kumkejeli mwenzake, kumnyang'anya kitu, hata kumtolea maneno makali, bila mwenzake kuwa na haki ya kukasirika. Baina ya makabila, chanzo chake hutajwa kuwa vita vilivyokwisha kwa mapatano, au misafara ya biashara ya karne ya 19 ambamo watu wa lugha mbalimbali walilazimika kupita katika nchi za wenzao na kutegemeana njiani. Ndani ya ukoo, babu na mjukuu hutaniana. Utani, kwa hiyo, kwa kiasi fulani ni mtoto wa safari. Ni adabu iliyobuniwa na watu waliokuwa ugenini pamoja, wasio na pa kukimbilia, kama abiria wa meli.

Tofauti kubwa baina ya utani na futuhi ya Hollywood huonekana msibani. Katika jamii nyingi mtani haondolewi kwenye msiba, huitwa. Hulia machozi ya uongo, huiga mwendo wa marehemu na namna alivyokuwa akikohoa, huzuia njia jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Waombolezaji hucheka huku machozi hayajakauka. Na mtani huyohuyo, mara nyingi, ndiye anayechimba kaburi au kusaidia kazi ambazo wafiwa hawana nguvu ya kuzifanya. Yaani haki yake ya kucheka imefungamana na wajibu wake wa kuzika. Tena hawezi kutania asiyemjua. Ili amwige marehemu hana budi kujua jina lake, ukoo wake, kilema chake na alichokipenda.

Hapo ndipo penye tofauti inayostahili kuzingatiwa na yeyote anayefikiria sinema ya ziwani. Futuhi ya Hollywood huuliza: je, tumeondoa maumivu ya kutosha ili watu wacheke? Utani huuliza: je, anayecheka ana haki gani hapa, na amekuja kufanya kazi gani? Swali la kwanza likitumiwa baada ya mwaka 1996, basi meli ya ziwani haiwezi tena kuwa jukwaa la kicheko. Swali la pili likitumiwa, inaweza, kwa sharti gumu: anayechekesha awe mmoja wa watu wa msiba, na wanaochekwa wawe na majina.

Mahali ambapo sauti ya namna hiyo ilikwisha kusikika katika sinema ni mahali padogo pasipo na heshima ya kitaaluma. Bunda ni mji wa barabarani, katika njia kuu iendayo Musoma kutoka Mwanza. Msafiri ambaye zamani angepanda meli, huko hupita kwa basi. Katika mabasi mengi ya masafa televisheni ya mbele huonyesha vichekesho vya Kiswahili, nao abiria, wakiwa wamefungiwa pamoja kwa saa kadhaa, huvicheka na kubishana navyo. Lakini zaidi ya basi, ni kile kibanda cha video cha miaka ya 1990 na 2000 kilichoenea katika miji ya Tanzania. Humo, sinema za nje zilipewa sauti ya Kiswahili na mfasiri aliyeshika kipaza sauti. Mfasiri huyo hakutafsiri tu. Aliwapa wahusika majina ya mtaani, aliwaonya, aliwakejeli, alimwambia tajiri wa Marekani kwamba amefanana na mkopeshaji fulani asiyelipika.

Fikiria mfasiri wa aina hiyo akiletewa Shall We Dance katika kibanda cha Bunda. Nyimbo angeziacha zipite, kwa maana nyimbo hazikutafsiriwa kwa kawaida. Lakini Astaire afikapo chumba cha mitambo, ni vigumu kuamini kwamba mfasiri angenyamaza. Angewapa wale wafanyakazi majina. Angesema huyu ni Masatu, yule ni Chacha, na yule wa nyuma ni shemeji yake anayemdai. Angemwuliza Astaire kwa nini viatu vyake havishiki masizi. Kwa dakika tatu au nne, watu ambao sinema iliwaacha bila majina wangekuwa ndio wahusika wakuu, na mcheza dansi ndiye mgeni. Hiyo ni kazi ya mtani: kucheka kwa kuwatambua watu.

Msiba haukukoma na MV Bukoba. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko kilichoitwa kwa jina la yule mwana wa Butiama, MV Nyerere, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu 228. Siku mbili baadaye, wakati wengi walikwisha kukata tamaa, fundi mmoja wa mitambo alitolewa akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka. Mtu wa chini ya sitaha, ambaye katika sinema hadithi haimhitaji tena, ndiye aliyerudi. Nchi nzima ililijua jina lake siku hiyo. Hakuna mwandishi wa futuhi angethubutu kubuni tukio hilo, na hakuna mtani ambaye angelikosa.

Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Methali hiyo hutumiwa kuwaonya wanaoiga bahati ya wengine, nayo inafaa hapa kwa maana yake ya asili ya ubaharia. Futuhi ya bahari kuu ilisafiri kwa nyota ya watu waliokuwa na hakika ya kufika, na wale waliotaka kuiga ufundi wake ziwani wangejikuta na meli safi, bahari tulivu na kicheko kisicho na mwenyewe. Ufundi wake, hata hivyo, unachukulika. Mji uliozungukwa na maji, madaraja matatu, uvumi uendao mbio, wimbo uanziao mashineni, na mtu aliyepanda kwa jina lisilo lake: vyote hivyo ni mali ya ziwa pia.

Sinema ya namna hiyo ikitengenezwa siku moja, mahali pake pa kuanzia panajulikana. Ni gatini Musoma, alfajiri, penye meza ya karani mwenye daftari, na foleni ya daraja la tatu ambao safari hii wanaandikwa wote. Kila anayefika hutaja jina lake na la mzazi wake, na nyuma yake yupo mtani anayelisahihisha kwa kejeli. Yupo na kijana mmoja aliyekimbia madeni ambaye anataja jina la mtu mwingine. Watu wanaomjua wanaangua kicheko. Kisha bibi mmoja katika foleni, naye akicheka, anamwambia: mwanangu, taja lako, wasije nyumbani wakamlilia mwenzako.